Meza ya Mbao Juu ya Fremu ya Chuma: Kuiunda na Kuifufua Huku Kanda ya Ziwa

Meza nyingi za mbao na chuma zinazorudishwa karakana hazikuharibika kwa sababu mbao ilikuwa mbovu au chuma kilikuwa chembamba. Zimeharibikia pale viwili hivyo vinapokutana. Uso umepasuka kati kwa kati, skrubu zimeng'oka na vipande vya mbao, au miguu imeliwa na kutu kuanzia chini ilhali sehemu ya juu bado inang'aa. Mwenye meza huambiwa anunue nyingine. Mara nyingi hakuna haja, na kama fundi wa kwanza angefikiria maungio kabla ya kuwasha mashine, meza hiyo ingerithiwa na wajukuu.

Jambo lenyewe ni hili. Mbao hufuata hewa. Mvua za vuli zinapoanza karibu na Oktoba, na tena masika ya Machi hadi Mei, mbao iliyo ndani ya nyumba Mwanza hunywa unyevu na kutanuka. Kiangazi cha Juni hadi Septemba huutoa unyevu huo, mbao ikasinyaa. Haitanuki kwa urefu kiasi cha kusumbua, inatanuka kwa upana. Paini hubadilika takriban robo ya asilimia ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka au kupungua. Uso wa meza wenye upana wa milimita 800 ukipanda kutoka unyevu wa asilimia 10 hadi 14, umetanuka milimita 8 hivi. Chuma hakina habari na unyevu. Kinatanuka kwa joto, na hata joto likipanda nyuzi 20, fremu ya mita moja na nusu inaongezeka chini ya nusu milimita. Kwa hiyo ukiufunga ubao ukakamaa kwenye fremu, umeanzisha ugomvi ambao lazima mmoja ashindwe, na anayeshindwa ni ubao.

Mwongozo huu unatumia meza ya kulia ya watu sita: urefu milimita 1500, upana 800, kimo 750. Ukiielewa hiyo, benchi, dawati la shule, kabati la jiko na kaunta ya duka utavifanya kwa akili ileile.

Mbao ipi

Mninga ndiyo malkia, na haipewi sifa hiyo kwa rangi yake peke yake. Inasinyaa kidogo sana ikilinganishwa na mbao nyingine ngumu, ndiyo maana milango ya mninga ya miaka mingi bado inafunga bila kukwama. Nyingi inayofika Mwanza inatokea upande wa Tabora na Katavi. Ni mti wa msituni unaokua polepole, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye hati za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na udai risiti. Mbao isiyo na karatasi inaweza kukupotezea mzigo wote njiani, na pia inamaliza mti ambao wajukuu wetu wataujua kwa picha. Unapochagua, angalia pembeni mwa ubao: sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome ikatwe yote. Bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, huipenda hiyo, hawagusi sana kiini chekundu.

Paini ndiyo ya kila siku. Inatoka Sao Hill kule Mufindi, na huku kwetu kuna mashamba ya miti ya serikali ya Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kisiwani Ukerewe. Ni laini, inakubali randa, bei yake inavumilika. Udhaifu wake ni kwamba inauzwa mbichi. Mkaratusi ni mgumu na wa bei nafuu, lakini unapokauka unajipinda na kupasuka ovyo, kwa hiyo ufanye wa fremu za paa, si wa uso wa meza.

Kwa meza yetu zinatosha mbao tatu za inchi moja kwa sita, za futi 12. Kila moja inatoa vipande viwili vya mita 1.6, jumla sita. Kabla ya kulipa, inua kila ubao usawa wa jicho, utazame kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Uliopinda kidogo kwa upande unarandika. Uliojisokota uache dukani hata ukipunguziwa bei. Ubao wenye kiini cha katikati kabisa ya gogo, kile kiduara kidogo unachokiona kwenye ncha, utapasuka hapo siku moja, na hakuna gundi itakayouzuia.

Kuikausha kweli

Hapa ndipo wengi wanakimbilia mbele. Mteja anapiga simu kila asubuhi, fundi anaanza na mbao yenye unyevu wa asilimia 25, na meza inasinyaia sebuleni kwa mteja. Mwambie mteja ukweli tangu siku ya malipo ya kwanza. Atakayekataa kusubiri hakufai, maana lawama zote zitakuja kwako.

Panga mbao kivulini, juu ya matofali au mihimili, zisiguse sakafu ya saruji. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kimoja kila baada ya sentimita 60, na vijiti vya safu zote vikae mstari mmoja wa wima. Kijiti kikikaa nje ya mstari, ubao wa juu unalemea hewa tupu na kupinda. Paka ncha za mbao rangi ya mafuta, kwa sababu ncha hupoteza maji haraka kuliko tumbo la ubao na ndiko nyufa huanzia. Weka uzito juu, acha upepo wa ziwa upite.

Zimekauka lini? Usiulize kalenda, uliza mizani. Chagua ubao mmoja, upime uzito kila wiki. Ukipima wiki mbili au tatu mfululizo uzito usishuke, umefikia unyevu wa hewa ya hapo. Kama huna kipima unyevu na unataka namba, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Kiweke kwenye oveni nyuzi 103, ukipime tena kila baada ya saa mpaka kisipungue. Chukua uzito uliopotea, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 246 kilichobaki gramu 205 kimepoteza 41, na 41 kwa 205 ni asilimia 20. Hiyo bado. Kwa meza ya ndani ya nyumba tafuta kati ya 10 na 13. Kisha ziingize mbao ndani ya karakana wiki moja au mbili kabla ya kuziranda.

Chuma na orodha ya kukata

Chukua skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, ile mafundi wanayoiita moja na nusu, geji 16, yenye ukuta wa milimita 1.5 hivi. Geji 18 ni nyembamba mno kwa mkono ambao haujazoea, utatoboa matundu badala ya kuunga. Dukani ingia na rula ya kupimia ukuta, maana geji inayotajwa kwa mdomo na iliyopo kwenye bomba si lazima zifanane.

Vipande ni hivi: viwili vya 1300 kwa ubavu wa juu, vitatu vya 560 vya kukatiza juu (viwili kwenye ncha, kimoja katikati), miguu minne ya 685, viwili vya 560 vya kukatiza chini kati ya miguu, na kimoja cha 1220 cha kuunganisha hivyo viwili vya chini. Paipu mbili zinatosha ukizikata kwa mpango. Kwenye ya kwanza toa 1300 mbili, 1220, miguu miwili na 560 moja. Jumla ni 5750, kwa hiyo hata paipu iliyopunjwa ikawa mita 5.8 badala ya 6 itakutosha. Ya pili inatoa miguu miwili na 560 nne, na kipande kirefu kinabaki kwa kazi nyingine.

Kila kipande kinachotakiwa kulingana na mwenzake kikatwe kwa kulinganishwa na kile cha kwanza, usipime kila mara upya kwa futi kamba. Tumia diski nyembamba ya kukatia, ya milimita 1, na usiondoe kinga ya grainda. Diski ikivunjika haikupi nafasi ya kukwepa.

Kuchomelea bila kupinda

Safisha kwanza. Paipu mpya ina mafuta ya kiwandani, ifute kwa kitambaa chenye tina (ile ya kuyeyushia rangi), kisha piga msasa sehemu za maungio mpaka chuma kiwe cheupe. Subiri tina ikauke kabisa na uiweke mbali kabla ya kuwasha moto.

Tandaza fremu ya juu kwenye sakafu iliyo sawa: vipande viwili vya 1300 nje, vile vya 560 ndani yake. Upana wa nje unakuwa 640. Shika kila kona kwa kutaki, nukta mbili tu za moto, halafu pima kona kwa kona. Milalo yote miwili lazima isome 1449. Ukipata 1452 upande mmoja na 1446 mwingine, gonga kona ndefu kwa nyundo taratibu mpaka zilingane. Hii ndiyo faida ya kutaki: kosa bado linasahihishika kwa nyundo. Ukishazungushia moto kona nzima, umelifunga kosa humo.

Geuza kazi, simamisha miguu chini ya ncha za vipande virefu, taki, kagua kwa skwea pande mbili za kila mguu, halafu weka vya chini. Pima pia umbali wa miguu kwa chini, ulingane na wa juu.

Kwa ukuta wa milimita 1.5 tumia elektrodi za 6013 za milimita 2.5, mashine ikiwa kati ya ampea 55 na 70, au za milimita 2 ukizipata. Jaribu kwenye kipande cha taka kwanza. Mstari ukikaa juu kama donge lisiloshika, moto ni mdogo. Ukiona bomba linabonyea na kutoboka, moto ni mkubwa au unakwenda polepole. Umeme ukishuka jioni, jambo ambalo hutokea, mstari utaonekana mzuri juu ilhali ndani haujashika. Usichomelee maungio ya kubeba uzito saa hiyo.

Moto ukipoa unavuta. Ndiyo maana usimalize kona moja ukahamia inayofuata. Chomelea upande mmoja wa kona ya kwanza, nenda kona ya mkabala, rudi, zunguka hivyo. Gonga gamba baada ya kila mstari, piga brashi ya waya, tazama kama kuna tundu. Unaposawazisha kwa grainda, sawazisha uso unaoonekana tu. Wengine husaga mpaka mstari unatoweka, na nguvu ya maungio inatoweka nao.

Ziba kila mdomo ulio wazi. Fremu hii ina minne, kwenye ncha za vipande virefu, na minne chini ya miguu. Kata vibamba vya milimita 3, uvichomelee kuzunguka pande zote. Kibamba cha chini ya mguu kinakamilisha kimo: 685, na 3, na 40 ya fremu, na 22 ya ubao, jumla 750.

Macho na mapafu. Miwani ya jua si kinga ya kuchomelea, hata ikiwa nyeusi kiasi gani. Mwanga ule unaunguza jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yakihisi yamejaa mchanga. Tumia kioo cha kuchomelea namba 10 au 11. Paipu ya mabati ina zinki. Moshi wake mweupe unaleta homa yenye kutetemeka na kichefuchefu. Saga zinki yote sentimita chache kila upande wa maungio, fanya kazi nje penye upepo, na usisimame moshi unakoelekea. Yale maziwa tunayohimizana kunywa baada ya kuchomelea hayasafishi mapafu. Yanaingia tumboni, moshi uliingia kwingine. Vijana wanaojifunza kazi wanastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kuunga uso

Randa mbao zibaki unene wa milimita 22, na kingo zinyooke kabisa. Simamisha mbao mbili ukingo juu ya ukingo, weka taa nyuma yake. Mwanga ukipenya mahali, hapo gundi itakuwa inaziba pengo, na gundi haikuumbwa kuziba mapengo. Rudia randa. Nyuzi za mbao zote zielekee upande mmoja, la sivyo ukiranda uso mzima, ubao mmoja utalainika na wa jirani utachanika.

Paka gundi nyeupe ya mbao kingo zote mbili, nyembamba na kamili. Kama huna jiriwa ndefu, lala mbao juu ya mihimili miwili, pigilia vizuizi pande zote za nje, kisha bana kwa kabari mbili mbili zinazopishana, ukigonga kila jozi kidogo kidogo. Weka karatasi ya nailoni chini ya kila mstari wa gundi, uso usigandie mihimili. Juu weka vipande vya kushindilia ili mbao zisiinuke. Gundi itoke kwenye mstari mzima kwa matone madogo. Ikitoka nyingi umepaka mno. Isipotoka mahali, hapo hapana gundi. Acha mpaka kesho yake.

Kata sasa ibaki 1500 kwa 800. Anza na msasa wa 80, kisha 120, 180, umalizie 220, kwa kufuata nyuzi. Vaa barakoa. Vumbi la mninga na la mvule linawasha ngozi na kubana kifua, na kwa baadhi ya mafundi linazidi mwaka hadi mwaka.

Kufunga ubao kwenye fremu

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike, kwa hiyo isome taratibu.

Usitoboe paipu na kuufunga ubao moja kwa moja. Kabla ya kupaka rangi, kata vishikio tisa vya flati bari (chuma bapa) ya milimita 25 kwa 3, kila kimoja cha urefu wa sentimita 5. Chomelea vitatu kwenye kila kipande cha kukatiza cha juu: kimoja katikati kabisa, viwili milimita 240 kutoka katikati kila upande. Uso wa kishikio ukae milimita 1 chini ya uso wa fremu, skrubu ipate kuuvuta ubao ukalalie fremu.

Vishikio vitatu vya mstari wa katikati, yaani kile cha katikati cha kila kipande cha kukatiza, vina tundu la duara la kawaida. Hivyo ndivyo vinavyoushika ubao usihame. Sita vya pembeni vina tundu refu: toboa matundu mawili ya milimita 6 yakiwa karibu, yaunganishe kwa tupa ndogo mpaka upate mfereji wa milimita 14. Mfereji uelekee upana wa meza, kwa sababu huko ndiko mbao inakotembea. Ukiuelekeza urefu wa meza umepoteza kazi yote. Skrubu ya milimita 5 ikikaa katikati ya mfereji ina nafasi ya milimita nne na nusu kila upande. Ubao wetu wa paini, kwa mabadiliko yale ya asilimia nne, utasogea hapo milimita mbili na nusu hivi. Mninga itasogea pungufu ya hapo.

Ukiunga wakati wa kiangazi, mbao ikiwa kavu sana, weka skrubu karibu na mwisho wa mfereji ulio upande wa katikati ya meza, maana safari iliyobaki ni ya kwenda nje. Ukiunga masika, fanya kinyume.

Skrubu ziwe za robo tatu inchi na washa. Zinaingia milimita 15 hivi kwenye ubao wa 22, hazitokezi juu. Kabla ya kufunga, sugua uso wa fremu kwa mshumaa ili ubao uteleze. Kaza mpaka washa isizunguke kwa kidole, ukomee hapo.

Rangi, vanishi na wadudu wa ziwani

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna chumvi inayokula chuma ya watu wa pwani. Tulicho nacho ni umande. Chuma kilicholala nje usiku huamka kimelowa, hata pale usipoona matone. Ukipaka asubuhi na mapema, unafungia maji chini ya rangi. Subiri jua lipande, kigusie chuma mkono, kiwe kikavu na vuguvugu. Piga msasa, futa kwa tina, paka redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), ikikauka fuatisha rangi ya mafuta mara mbili. Pembe za ndani za maungio zipewe brashi kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazosahaulika.

Ubao upakwe pande zote, juu, chini na kwenye ncha. Fundi anayepaka juu tu anaacha upande wa chini unywe unyevu peke yake, na ubao unajikunja. Vanishi ya kwanza ichanganywe na tina izame, nyingine mbili ziwe nzito zaidi, na kati ya moja na nyingine msasa wa 240 kidogo.

Wale wadudu wadogo wanaofumka ziwani, hasa mwezi unapoandama, wanafuata taa. Karakana zilizo karibu na maji, Kirumba, Bwiru au Igombe, zisipake vanishi jioni. Paka saa nne asubuhi, ishike kabla giza halijaingia, zima taa zote zilizo juu ya kazi. Uso wa mninga uliojaa vidoti vyeusi unasagwa upya wote.

Ukitumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambara yake usiyafinyange ukayatupa pembeni. Yanajipasha joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kufufua ya zamani

Igeuze meza miguu juu kabla ya kuugusa uso. Huko chini ndiko kuna habari zote.

Miguu ya chuma huozea sentimita tano za chini, na sababu ni deki. Kila asubuhi maji ya kudeki yanaingia chini ya kifuniko cha plastiki, yanakaa humo, na kutu inakula kutoka ndani. Gonga mguu kwa nyundo ndogo kuanzia juu ukishuka. Sauti ikibadilika kutoka kulia na kuwa butu, hapo chuma kimeisha. Kata sentimita mbili juu ya hapo. Tafuta kipande cha paipu kinachoingia ndani ya mguu kikiwa kimebana, kiingie sentimita nne kila upande. Toboa matundu mawili ya milimita 8 kwenye ukuta wa mguu, uyajaze kwa moto ili yashike kile cha ndani, kisha chomelea kuzunguka kiungo. Ziba chini kwa kibamba, usirudishe kile kifuniko cha plastiki. Gundisha kipande cha mpira kigumu juu ya kibamba.

Kutu ya juujuu hutoka kwa brashi ya waya. Boliti, bawaba na vitasa vidogo vizamishe kwenye siki usiku mmoja, visugue, visuuze kwa maji yenye magadi, vikaushe papo hapo na uvipake mafuta. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo isisagwe kavu. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, na watoto wakae mbali mpaka umefagia na kupangusa.

Viti vinavyocheza. Tafadhali, misumari hapana. Msumari unapanua tundu, unachana ulimi wa mbao, na baada ya miezi michache kiti kinacheza zaidi. Kitenganishe kiungo kwa nyundo ya mpira. Gundi ya zamani ya wanyama hulainika kwa maji ya moto. Ya kisasa nyeupe inabidi ikwanguliwe kwa patasi mpaka mbao ionekane, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Ulimi ukiwa umelegea, bandika kibanzi chembamba cha mbao ileile, uurande mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ndipo upake gundi na kubana.

Uso uliopasuka kati kwa kati umekuonyesha palipofungwa pakakazana. Fungua skrubu zote kwanza. Mara nyingine ufa hujifunga wenyewe baada ya siku chache, na hapo unaona wazi kwamba ubao ulikuwa umeshikiliwa. Tia gundi, bana, kisha weka vishikio vya mfereji kama nilivyoeleza.

Doa jeupe la kikombe liko ndani ya vanishi, halijafika kwenye mbao. Futa kidogo kwa kitambaa chenye spiriti na litaondoka. Doa jeusi limefika kwenye mbao. Huko mara nyingi ni chuma na maji vilivyokutana na tanini ya mbao, na dawa yake ni asidi oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Ni sumu. Vaa glavu, isiguse vyombo vya jikoni, na suuza mbao mara kadhaa.

Vitundu vya bungua havina maana kwamba bungua bado wapo. Tandika karatasi nyeusi chini, piga piga ubao unga wa zamani utoke wote, futa, subiri wiki mbili au tatu. Unga mpya ukionekana kwenye karatasi, wapo. Paka dawa ya boraksi kwenye mbao isiyo na vanishi, kata sehemu iliyogeuka unga. Mchwa ni suala jingine, hao wanatoka sakafuni, na kuitibu meza bila kuitibu nyumba ni kuwahamishia karamu.

Mbao za mitumbwi iliyostaafu zina uzuri ambao duka la mbao haliuzi: ngumu, zimekwishatembea miaka ya mvua na jua, na alama nyeusi za misumari zinapendeza zikiachwa. Zikaushe upya kama mbichi, kwa kuwa mtumbwi umekaa majini. Pitisha sumaku yenye nguvu, kama ya spika iliyokufa, kila sentimita ya kila upande, uchore chaki kila inapovuta. Ng'oa misumari yote kabla randa haijagusa. Mchanga wa ufukweni ulioingia kwenye nyufa utoe kwa brashi ya waya, unakula makali ya randa kuliko misumari.

Meza ikishakaa kwa mteja, irudie mara moja baada ya masika yake ya kwanza. Lala chini yake na bisibisi, tazama skrubu zimesogea kiasi gani ndani ya mifereji. Ukiona moja imefika mwisho wa mfereji na kugota, ifungue, urefushe mfereji kwa tupa milimita tatu, upake redi oksaidi pale ulipokwangua, uifunge tena.